Kwa Nini Baragumu la Ighombe Limezibwa Nta

Zamani, kabla kanisa la Ighombe halijaezekwa bati, baragumu hili mnaloliona limening'inia kando ya mimbara lilikuwa wazi pande zote mbili, na sauti yake ilifika mpaka shamba la mwisho. Siku hizo watu wa Ighombe walikuwa hawafanyi jambo bila kulisikia. Mnacheka, lakini mababu zenu walikuwamo, na wangu pia.

Ilikuwa hivi. Milimani huku maji ya kumwagilia yalikusanywa kwenye ndiva, lile bwawa dogo la mawe na udongo juu ya mashamba. Ndiva ililindwa na mtu mmoja. Wengine walikaa majumbani na kazi zao, na bwawa lilipojaa mlinzi alipiga baragumu la pembe ya tandala, watu wakatoka na majembe kufungua mifereji. Mtu mmoja alikuwa macho, kijiji kizima kikapumzika. Mpango huo ulifanya kazi miaka na miaka, na watu waliupenda kwa sababu ulikuwa mzuri kweli.

Basi mwinjilisti wa kwanza, jina lake Mbonea, alipofika Ighombe akafundisha habari za Majilio. Aliwaambia kwamba Bwana aliyezaliwa Bethlehemu atarudi, ila hakusema lini, kwa hiyo katika zile wiki nne kabla ya Krismasi wakristo hujikumbusha kukaa tayari, kukesha na kumngoja. Watu walimsikiliza vizuri. Walipotoka ibadani wazee wa kanisa wakakaa kikao, na mzee wao mkuu, Sekiete, mtu wa utaratibu hasa, akasema jambo hili si gumu. Kukesha wanakujua. Itapangwa zamu.

Wakachagua ule mwamba mkubwa ulio juu ya barabara ya kutoka tambarare. Anayekaa pale humwona msafiri tangu anapovuka daraja la chini, na kutoka darajani mpaka kijijini kuna mwendo wa kuchemsha maharage yakaiva. Sekiete alipiga hesabu zake. Mlinzi akimwona Bwana darajani, atapiga baragumu. Watu watawasha moto, watafagia, watavaa, na bado watabakiwa na nafasi ya kujipanga kando ya njia. Mbonea alikuna kichwa. Alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini alikuwa kijana na mgeni, na alifurahi kuona watu wamelichukua neno kwa bidii. Akawaacha waendelee.

Mwaka wa kwanza zamu zilikwenda vizuri. Mwaka wa pili watu wakaanza kuchoka. Desemba ni mwezi wa vuli huku, mwamba unateleza, ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa. Mmoja akasema mguu unamuuma, mwingine ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Hapo ndipo alipojitokeza Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane, mwembamba, mchapakazi, mwenye mtoto mmoja tu, Kadeghe, ambaye alikuwa ameolewa tambarare mwaka mmoja nyuma. Kila mtu alimwita Mama Kadeghe. Alisema yeye atakaa mwambani Majilio yote, kwa zamu za watu wote, mradi kila nyumba impe debe la mahindi. Watu walikubali haraka kama mtu anayetuliwa mzigo. Wengine walimsifu kwa imani yake.

Imani alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kadeghe alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na kwa desturi, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Alikuwa ametuma salamu kwamba atapanda mlima kabla ya Krismasi. Pale mwambani Nakijwa angeweza kumwona mwanawe tangu darajani, akateremka kumpokea mzigo. Alimkumbuka mno yule binti. Tangu aolewe, nyumba ilikuwa kimya, na usiku alijikuta akipika chakula cha watu wawili. Kwa hiyo alikaa juu ya jiwe, baragumu mapajani, macho barabarani, na kama ungemuuliza anamngoja nani angesema Bwana, na isingekuwa uongo mtupu.

Huku chini kijiji kililegea. Kuni za vuli ni mbichi na moshi wake unatoa machozi, basi watu waliacha moto uzimike. Wa nini, na baragumu bado? Nyumba hazikufagiwa. Mchana watu walijifunika mablanketi wakalala. Na watoto, mnavyowajua watoto, waligundua mchezo. Walikuwa wakienda kwenye mlango wa mtu, wanapiga hodi kwa sauti nzito, mwenye nyumba anakurupuka akitafuta kanzu yake, anafungua, hakuna mtu. Wazee walikasirika. Sekiete akatangaza kwamba kuanzia siku ile, hodi isiyotanguliwa na baragumu isiitikiwe. Mbonea hakuwapo siku hiyo, alikuwa ameteremka mtaa wa pili.

Nyumba moja tu haikufuata utaratibu, nayo ni ya mzee Kangero. Kangero alipoteza usikivu kwa ugonjwa alipokuwa bado kijana. Alikuwa amemfuata Mbonea mwanzoni kabisa, akamwambia, "Mwalimu, mimi baragumu silisikii. Sasa nifanyeje?"

 Mbonea alimshika tu mkono.

Kangero akaenda zake, akafikiri, akaona njia ni moja. Akaacha mlango wake wazi kidogo, akauegemeza jiwe usifungwe na upepo, akawasha moto asubuhi na hakuuacha uzimike, akakaa kwenye kigoda akiutazama mlango. Chungu cha maji kilikuwa mafigani siku nzima. Watu walimcheka. Walisema Kangero anachoma kuni kama mhunzi, na hata kuku haji kwake.

Wiki ya tatu ya Majilio mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na mto ukabeba daraja. Nakijwa alikuwa mwambani na hakuona, kwa sababu ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Aliendelea kukodoa macho upande ule ule. Akajiambia, ukipanda tu huu ukungu, nitamwona.

Kadeghe alifika mtoni asubuhi akiwa na shemeji yake, wakakuta daraja limekwenda. Wakazunguka kwa njia ya juu, ile ya msituni, inayotokea nyuma ya kijiji. Shemeji alimfikisha ukingo wa msitu ambako paa za nyumba zinaonekana, akageuka mapema asije akafungiwa na mto mwingine. Hakuwa na wasiwasi. Nani anapata shida akiwa ameshaona paa la mama yake?

Uchungu ulimshika Kadeghe akiteremka migombani. Alijikaza akafika kwa mama. Mlango ulikuwa umefungwa kamba kwa nje. Akapiga hodi hata hivyo, akaita, kisha akaketi kizingitini mpaka uchungu ulipopungua. Akaenda nyumba ya jirani, akapiga hodi. Ndani mtu alikohoa, kisha kimya. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Nyumba ya tano ilikuwa ya Sekiete mwenyewe, na mkewe, Nanzia, ndiye mkunga wa Ighombe nzima. Nanzia aliisikia ile hodi vizuri. Baadaye alisema sauti ilikuwa dhaifu na akadhani ni mtoto anajifanya mgonjwa. Akamwuliza mumewe kama baragumu limelia. Sekiete akasema halijalia. Wakavuta blanketi.

Kadeghe hakuwa na nguvu za kupanda hadi mwambani, na sauti yake isingepita katika mvua ile. Alikuwa akitembea ameshika ukuta wa nyumba za watu. Ndipo alipoona moshi, moshi mmoja tu katika kijiji kizima, akaufuata.

Kangero hakusikia hodi yake, ila aliona mkono umeshika mlango. Aliinuka akampokea, akamlaza karibu na moto, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Alipoelewa kinachotokea, aliogopa sana, maana hakujua kuzalisha hata mbuzi. Akachukua debe na mchi, akatoka mvuani akipita mlango kwa mlango, analipiga debe na kupiga kelele: "Mtoto wa Nakijwa yuko kwangu! Anajifungua!" Mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Ile ya Kangero ilifungua milango yote aliyopita.

Nanzia alifika wa kwanza, bila viatu. Alipoingia akakuta moto unawaka na maji yameshachemka, na baadaye alikuwa akirudia jambo hilo mara nyingi, kwamba kama angelazimika kuanza kuhangaika na kuni mbichi, angewapoteza wote wawili. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Ilichukua mchana wote, na aliyetumwa mwambani kumwita Nakijwa alirudishwa njiani na ukungu na utelezi. Mwishowe alitoka wa kike, mdogo, amelegea kama kifaranga kilichonyeshewa, na Nanzia akamkanda mbele ya moto mpaka akalia.

Jioni ukungu ulipanda. Nakijwa akatazama kwanza barabarani, hakuona mtu wala daraja.  Akageuka kutazama kijiji, akaona moshi unatoka katika kila nyumba. Alishangaa, na baada ya mshangao alikasirika. Moto wa nini, na yeye hajapiga? Nani amewaambia? Alishuka akiwa amelikumbatia baragumu, akijiandaa kumgombeza mtu.

Waliokutana naye njiani hawakumtazama usoni. Mmoja alimwonyesha tu nyumba ya Kangero kwa kidole.

Kadeghe alikuwa amelala karibu na mafiga, mtoto kifuani. Nakijwa alipiga magoti na kumshika uso.  Binti alimwangalia bila hasira, amechoka tu.

"Nilianza kwako, mama," alisema.

Nakijwa aliweka baragumu chini. Alilia usiku ule kuliko alivyolia siku ya kumzika mumewe, na Kangero, ambaye hakusikia kilio, alimwona mabega yanavyotikisika akamsogezea kigoda.

Jumapili ya nne ya Majilio kanisa lilijaa, watu wamebanana. Mbonea alikuwa amerudi na amesimuliwa yote. Kabla hajafungua kinywa, Nakijwa alisimama. Alikuwa na baragumu mkono mmoja, na mwingine alishika bonge la nta kutoka kwenye mzinga wake.

"Nimekula mahindi yenu," alisema, "na nitayarudisha msimu ujao. Kazi mliyonipa haiwezekani. Nilikaa macho wiki tatu, sikusinzia, na aliyekuja alikuta mlango wangu umefungwa kamba. Siwezi kukesha kwa niaba ya mtu. Hata kwa niaba ya mwanangu sikuweza. Mimi nilijua atakakopitia, ndiyo maana sikumwona."

Akaikanda ile nta mikononi mpaka ikalainika, akaziba tundu la kupulizia, akakandamiza kwa kidole gumba. Alama ya kidole hicho bado ipo, mkisogea mtaiona.

Sekiete aliinuka. Watu walidhani atapinga, na kwa kweli alikuwa na hoja. "Mama Kadeghe, na ndiva je? Maji yakijaa tutajuaje?"

"Chongeni jingine," alisema Nakijwa. "Maji yanalindika na mtu mmoja."

 Mbele ya mkewe na watu wote, Sekiete akasema kwamba ile hodi hata yeye aliisikia, na kwamba sheria ya kutoitikia ilikuwa yake. Akaketi akafunika uso. Mbonea hakuhubiri siku hiyo. Alichukua baragumu, akalitundika pale, wakaimba wakatoka.

Na tangu siku hiyo Ighombe hakuna zamu ya Majilio. Ndiva ina baragumu lake na mlinzi wake mpaka leo, lakini kanisa halina. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila nyumba huokota jiwe lake mtoni na kuegemeza mlango usifungike, hukusanya kuni mapema zikauke, na moto hauzimwi mpaka Krismasi. Aliye mgonjwa huwashiwa na jirani, lakini kwenye kigoda chake hukaa mwenyewe, anautazama mlango wake mwenyewe. Nakijwa alifanya hivyo mwaka mzima, si Majilio tu, na ile kamba ya mlangoni hakuna aliyeiona tena. Mjukuu wake ndiye yule bibi anayekaa benchi la tatu, anayesinzia wakati wa matangazo.

Ukipita huku mwezi wa Desemba, piga hodi mara moja tu, tena taratibu. Watakuuliza wewe ni nani, lakini utakapoulizwa utakuwa umeshaketi kando ya moto, na uji uko mkononi.