Behewa la Mwisho

Chausiku alikuwa akienda likizo Zambia kwa treni, na tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu. Tajiri Mwinchande alimcheka stesheni.

"Wenye akili tunalala vitandani, dada. Wewe kalia ubao mpaka Zambia."

"Hongera, kaka. Behewa lako lipi?"

"La mwisho."

Chausiku akashika kichwa. "Masikini! La mwisho hubaki nyuma siku zote."

Jasho likamtoka Mwinchande. Akambembeleza mpaka wakabadilishana tiketi, na kwa shukrani akampa kuku wake wa kukaanga.

Walipofika Zambia, Mwinchande alishuka mgongo umepinda, akamkuta Chausiku akijinyoosha mlangoni.

"Mwongo! Ulisema behewa hili hubaki nyuma!"

Chausiku akapiga mwayo. "Kwani lilitangulia, kaka?"