Gunia la Mwashi Lilivyonyweshwa

"Mtaka togwa baridi hulinywesha gunia kwanza." Vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kurina asali walimsikia Bibi Kabula akisema hivyo, wakataka kujua msemo huo ulitoka wapi. Bibi akaweka ungo chini. Methali hii, akawaambia, ilianza hivi.

Mwashi alizikwa msimu wa kurina asali ukikaribia. Miaka yote yeye ndiye aliyewapelekea warinaji togwa porini, na ilifika ya baridi ingawa njia yake ni ya kutwa juani. Kabla matanga hayajaondolewa, wanawake wakasema kazi hiyo apewe wifi yake, Kalunde. Nyamizi, binti wa marehemu, akainua uso.

"Nijaribuni mara hii moja," akasema. "Togwa ya mama ikichachia mikononi mwangu, sitaomba tena."

Wanawake wakaamua waende wote wawili ili ionekane togwa ya nani itafika baridi. Wakaondoka pamoja, kila mmoja na kibuyu chake mgongoni. Nyamizi alikivika chake gunia lililoloweshwa, kama alivyozoea kumwona mama yake. Kalunde naye alilowesha gunia, kisha akalizungushia nailoni ili maji yasikauke.

"Lako litakuwa kavu kabla ya mchana, mwanangu," akasema. "Mito yote imekauka, utalilowesha kwa machozi?"

Kweli, mchana lilikauka. Nyamizi alikuwa na maji ya kunywa tu, kidogo, na koo lilikuwa linawaka kwa kiu. Akafungua kibuyu cha maji, akakishika bila kukipeleka mdomoni. Alikumbuka jinsi mama yake alivyorudi kila safari akiwa na midomo iliyopasuka. Siku zote alidhani ni jua.

Akashusha mzigo, akamwaga kiasi juu ya gunia.

"Nyamizi! Gunia lina koo?"

"Leo linalo, shangazi."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakunywa tukifika."

Kila lilipokauka alilimwagia tena, mpaka maji yakaisha, na upepo wa njiani ukaendelea kulipuliza na kukipoza kibuyu.

Walipokaribia kambi, kizibo cha gunzi kiliruka kwenye kibuyu cha Kalunde, na povu likamtiririka mgongoni. Akatia mkono ndani ya nailoni. Kulikuwa na joto kama jikoni.

"Nimeyafungia maji," akasema taratibu, "na joto nimelifungia humo humo."

Kambini, baba yake Nyamizi, naye mrinaji, alipokea kata ya kwanza ya togwa ya binti yake. Akanywa, akainyoosha tena kata.

"Hii ni ya Mwashi," akasema.

"Mpeni kwanza mbebaji," akasema Kalunde huku akiikunjua nailoni yake na kuitupa kando. "Hajanywa tangu asubuhi. Kumbe mtaka togwa baridi hulinywesha gunia kwanza."

Nyamizi sasa amezeeka, magoti yake hayamfikishi porini. Togwa yenu ya kesho itabebwa na mjukuu wa Kalunde, naye hagusi maji yake kabla gunia halijapata. Mtaka togwa baridi hulinywesha gunia kwanza.