Haja ya Mgeni

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii si ya kuchekesha, ingawa anayetaka kucheka sitamkataza.

Katika mji wa Kiwandeo walikuwako watu watatu wenye vipawa. Mzee Chande alikuwa mpuliza siwa, ile baragumu kubwa ya pembe. Akiipuliza, hata wagonjwa walitoka nje kusikiliza. Hidaya alikuwa bawabu wa boma, na komeo la mninga lililowatoa wanaume jasho yeye alilinyanyua peke yake, mtoto mgongoni. Somoe alikuwa mkalimani. Huyo alikuwa na ulimi usiopinda: neno likiingia kwa lugha moja lilitoka kwa nyingine bila kutiwa chumvi.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila mwisho wa mavuno mtawala huvua kilemba, akakiweka mkekani mbele ya watu. Wakimtaka, humvika tena. Wasipomtaka, humvika mwingine, naye huenda zake kulima.

Mwinyi Ngwali, mtawala wa siku hizo, hakupenda jembe. Mwaka wa kwanza alisema mvua ingeloesha mkeka. Uliofuata alisema yumo matangani. Visingizio vilipomwishia akatangaza kwamba Mtakuja, mji wa jirani, wanakuja kutupiga, na kilemba hakivuliwi vitani. Watu wa Mtakuja hawakuwa na habari ya vita hivyo. Wakamtuma mjumbe aje kuuliza kulikoni.

Mwinyi akawaita wale watatu barazani. "Chande, puliza mwito wa vita. Hidaya, funga lango, sitaki umati humu. Nawe Somoe, lolote atakalosema mgeni, sema ametutukana. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwinyi," wakajibu. Na kweli walielewa, ila kuelewa si kutii.

Mzee Chande akapanda darini na siwa yake. Vijana walikuwa wamekwisha shika mikuki. Akapuliza mwito wa kilemba, si wa vita. Watu wakaacha vyungu motoni, wakaja mbio na mkeka wao.

Hidaya akawasikia wakigonga. Walinzi wakamkodolea macho. Akalinyanyua komeo, akalitupa chini. "Piteni," akasema. "Boma hili mlilijenga nyinyi."

Mjumbe akasimama, akasema yake. Somoe alimtazama Mwinyi, akautazama umati, akapaza sauti: "Anasema Mtakuja hawana vita nasi. Anauliza wametukosea nini."

Kelele zilizozuka hapo! Mwinyi Ngwali, maji yamemfika shingoni, akaapa mbele ya wote kwamba mwezi ukiandama atavua kilemba. Watu wakarudi makwao wakishangilia, na hilo ndilo lilikuwa kosa lao, maana hakuna aliyegeuka kuuliza wale watatu wako wapi.

Walikuwa ghalani, mlango umepigwa komeo kwa nje. Hapakuwa na dirisha, na vumbi la nafaka liliwakaba koo. Somoe alisikiliza vigelegele vikififia, akalia kwa uchungu. Alijua fika Mwinyi huwafanya nini waliomwaibisha.

Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiwandeo mgeni anayeaga hanyimwi haja yake, na mjumbe, aliyewaona wakipelekwa ghalani, aliomba kwa ishara apewe wafungwa aende nao. Mwinyi akacheka. "Haja ni moja, basi na mtu awe mmoja. Wakubaliane wenyewe, mkalimani amtajie jina. Wakishindwa, hatoki mtu."

Mlinzi alipowaletea maneno hayo ghalani, Mzee Chande akasema, "Atoke Hidaya. Ana mtoto mchanga nyumbani anayelilia ziwa. Na siwa yangu ingefaa nini kama lango lingefungwa?"

"Hapana, baba," Hidaya akasema. "Atoke huyu mdogo wangu. Mtakuja wakikosa mtu wa kuwaambia kweli, Mwinyi atapika vita vingine. Nilifungua lango, lakini bila Somoe watu wangetoka humo na mikuki."

"Mimi nasema Mzee Chande," Somoe akajibu. "Bila yeye nani angekuja? Akisimama kwenye kilima cha mpakani akapuliza, mji utasikia, na siku ya kilemba watu watakuja tena."

Aliyasema hayo kwa dhati. Hata hivyo alitaka kutoka, alitaka mno, na aibu ikamwunguza kwa kuwa Hidaya alikwisha mtaja, na kujitaja kusingekuwa uongo.

Komeo likavutwa. Mzee Chande akamshika mkono. "Muda umekwisha, mwanangu. Taja wewe. Utakayemtaja, sisi tumekubali."

"Tumekubali," Hidaya akaitikia, akigeuza uso.

Mjumbe akauliza kwa lugha yake, "Ni nani?" Ni Somoe peke yake aliyemwelewa. Akafungua mdomo.

Haya, wenzangu. Asingeita Chande, wasingekuja. Asingefungua Hidaya, wasingeingia. Asingesema Somoe, wangekwenda vitani. Wewe ungetaja jina la nani? Na wale wawili, mlango unapofungwa, ungewaambia nini?