Hewa ya Tajiri Shaibu

Tajiri Shaibu alinunua hewa ya juu ya nyumba ya Mwanatumu, mjane, apate kujenga ghorofa. Kabla hajajenga, akaja na dai.

"Moshi wa jiko lako unapita hewani kwangu. Lipa kodi au uhame!"

Mwanatumu aliwatazama wanawe. "Haya, bwana. Tuandikiane basi. Hewa yako inaishia wapi?"

"Haiishi! Kila kilicho juu yako ni changu, hadi mbinguni."

Wakaandikiana mbele ya mzee wa mtaa.

Masika yakaanza, paa likavuja. Mwanatumu akamshtaki Shaibu kwa mzee. "Mvua yake imewalowesha wanangu."

"Mvua ni ya Mungu!"

"Mkataba unasema ni yako," mzee akasema. "Izuie."

Shaibu akatazama mawingu. "Siitaki hewa hii! Ichukue bure!"

"Nitaichukua, bwana," Mwanatumu akasema kwa upole, "ukishaziba paa."