Ghorofa la Bi Havijawa

Sogeeni. Anayetaka kusikia akae, anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Hadithi hii nimeileta bila mwisho, kwa sababu mwisho wake umenishinda. Ninyi mliosoma kunizidi mtautafuta.

Katika mtaa wa Visiki, mjini Tanga, palikuwa na vijana watatu. Mtaa wenyewe ni nyumba za chini, vyumba sita na ukumbi katikati, uani karo ya kuoshea vyombo na choo, na kuku wa jirani asiyejua mpaka. Kila kijana Mungu alimpa kipaji chake, na kila mmoja alidhani vya wenzake ni bahati tu.

Wa kwanza ni Shekue, mtoto wa fundi bomba. Huyu alijua maji. Ukimwonyesha kiwanja hakuulizi bei wala hati. Atakuuliza mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi.

Wa pili ni Mwantumu, ambaye mama yake huuza bagia stendi. Huyu alijua nyayo. Wewe ukiona uwanja mtupu, yeye anaona nani atapita hapo asubuhi, nani atarudi jioni, na wapi watapigana vikumbo.

Wa tatu ni Hilali, aliyekulia dukani kwa mjomba wake. Huyu alijua tamaa. Akikutazama usoni anajua unachokitaka kabla wewe hujakijua, na kama hukitaki, ngoja kidogo, utakitaka.

Sasa, kituo cha vijana kililetewa kompyuta, na ndani yake mchezo wa kujenga mji. Mnacheka? Hata wazee wa Visiki walicheka, mpaka waliposikia zawadi. Kila mtaa utoe vijana watatu. Wapewe ardhi sawasawa, kipande cha kuanzia mtoni mpaka kilimani. Mji utakaokaliwa na watu wengi kuliko yote ndio mshindi, na zawadi ni nafasi ya kusoma chuo cha mipango miji bila kutoa kitu. Nafasi moja. Watatu wafanye kazi, kiti kiwe kimoja! Aliyepanga hivyo ama hakuwa na ndugu, ama alikuwa nao wengi mno.

Ardhi ndogo, watu wengi: hapo hakuna njia ila kwenda juu. Lakini mchezo ule una ujanja wake. Ghorofa hulijengi wewe. Wewe unaipaka ardhi rangi ya kijani kilichokolea, maana yake hapa ruhusa kwenda juu, kisha unakaa unangoja. Watu wa ndani ya kompyuta wakipendezwa na mahali, ghorofa linaota lenyewe kama uyoga. Wasipopendezwa, unabaki na rangi yako.

Siku ya kwanza kabisa kompyuta iliwaandikia: Mji wako hauna makaburi.

Hilali akacheka. "Mtu mwenyewe hajahamia, tumchimbie kaburi?"

"Usicheke," Mwantumu akasema. "Kile kiwanja kitupu cha kilimani tukiache kiwe cha makaburi. Huwezi kualika watu bila kujua utawalaza wapi."

Wakakubaliana. Kiwanja cha kilimani kikaachwa.

Wakapaka kijani, wakangoja. Zikaota nyumba za chini, kama za Visiki hasa, ghorofa hata moja hakuna. Shekue akatazama, akasema, "Watu hawapandi juu kwa sababu maji hayapandi juu. Tangi liwe kilimani, liyasukume. Nichukue kipande tu cha kile kiwanja." Wenzake wakasema, "Kipande tu." Akaweka tangi, akatandika mabomba, akachimba mitaro ya maji machafu. Nyumba zikainuka, mbili juu ya moja.

Zikafika ghorofa ya nne, zikagoma. Mwantumu akatazama, akasema, "Watu wamekwama barabarani. Anayeishi huku hafiki kazini kule. Mabasi yanataka stendi, na chini pamejaa. Nichukue kipande tu cha kile kiwanja." Wenzake wakasema, "Kipande tu." Akaweka stendi, akapanua njia, akazipinda pale nyayo zinapotaka kupinda. Majengo yakaongezeka, safu kwa safu.

Yakagoma tena, safari hii yakiwa nusu matupu. Hilali akatazama, akasema, "Maji wanayo, njia wanayo, lakini hawana cha kuringia. Mtu akipanda juu anataka kutazama kitu. Tuweke bustani kilimani, na bembea, na mnara mmoja mwembamba usio na kazi. Nichukue kile kilichobaki." Wenzake wakasema, "Si kimebaki kidogo tu?" Akaweka bustani. Basi hapo, jamani, mji ukalipuka. Maghorofa yakaota ukingo mpaka ukingo, yote kwa pamoja, na watu wakamiminika kwa pamoja kama siafu.

"Na makaburi?" Shekue akauliza.

"Tutayatafutia mahali," Mwantumu akasema.

"Kwani nani amekufa?" Hilali akasema.

Mchezo ule unakuruhusu umchague mtu umpe jina. Wakamchagua mwanamke wa ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo refu kuliko yote, wakampa jina la Bi Havijawa. Hilali alilitaja, wenzake wakashangilia, na nia ilikuwa heshima. Bi Havijawa ndiye mwosha maiti wa Visiki. Hana mtoto, hana mume, na hakuna msiba wa mwanamke katika mtaa ule ambao mkono wake haukuugusa. Bibi yake Shekue yeye alimwosha. Wa Mwantumu yeye alimwosha. Wa Hilali alimwosha pia, wakati wa mvua, nyumba ikivuja, akikinga maji yasidondoke juu ya sanda kwa kanga yake mwenyewe.

Siku ya hukumu ikafika. Ukumbi ukajaa, mji ukaangazwa ukutani kila mtu auone. Bi Havijawa akakaa mbele, kajifunga kanga mpya, maana alikwisha kuambiwa.

"Leo naenda kuona kwangu," akawatangazia.

"Utanipangisha chumba, Havijawa?" jirani yake akamchokoza.

"Wewe? Karo ya uani zamu yako huoshi, nikupeleke ghorofani?"

Msimamizi, Mwalimu Mgaya, akahesabu watu wa kila mji. Visiki wakawa wa kwanza, na wa pili hawakuwafikia hata magotini. Vigelegele. Kisha Mwalimu Mgaya akasema, "Kiti ni kimoja. Niambieni, mji huu kaujenga nani?"

"Ni mimi," wakasema watatu kwa pamoja.

Wakatazamana. Hapo urafiki ukaingia ufa.

"Bila maji yangu," Shekue akasema, "ghorofa lenu lingekuwa kichuguu."

"Na bila njia zangu," Mwantumu akasema, "wangekunywa hayo maji wamefungiwa kama kuku."

"Maji na njia hata jela vimo," Hilali akasema. "Nani kahamia jela kwa hiari yake? Mji ulijaa kwa sababu yangu!"

Wakabishana mbele za watu, sauti juu, vidole machoni. Hakuna aliyekumbuka kuusimamisha mchezo. Mji ukutani uliendelea kuishi, siku zake zikikimbia. Nao wale watu walihamia kwa pamoja, wote vijana, umri mmoja. Waliohamia pamoja huzeeka pamoja, na waliozeeka pamoja mnajua hufanya nini.

Bi Havijawa akanyoosha kidole. "Hilali, baba, hicho cheusi juu ya nyumba yangu ni nini? Kunguru?"

Hilali akageuka, akaona. "Si kitu, Bibi."

"Si kitu, na kinazidi? Ona, na kwa jirani kimetua."

Mwalimu Mgaya si mtu wa kuacha swali likining'inia. Akabonyeza pale juu ya jengo, maandishi yakatokea ukutani, makubwa kama bango la duka. Bi Havijawa alisoma mpaka darasa la nne, na hakuna aliyemwahi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Havijawa. Amefariki. Anasubiri kuchukuliwa."

Akawageukia wale watatu.

"Nimekufa lini?" akauliza.

"Muda kidogo, Bibi," Shekue akasema.

"Na nasubiri nini?"

Mwantumu alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. "Hakuna pa kukuzika, Bibi."

"Majirani zangu je? Jengo lote hilo?"

"Wa juu wamekufa na wao. Wa chini wanahama."

"Wanahama kwa uchungu?"

"Kwa harufu," Hilali akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mdomo ule kusema kweli bila kuipaka asali, na haikumsaidia kitu.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakupata mwenzake, akajikohoza.

Bi Havijawa akainuka, akajitanda kanga yake. Hakulia, msimtilie machozi. Alisema tu, "Watu wengi vile, na hata mmoja wa kunifunga kidevu hakuna." Akatoka.

Mimi nimeona watu wakiaibika: walioiba, waliofumaniwa, waliopiga chafya katikati ya dua. Lakini aibu ya watoto wale ilikuwa ya aina yake. Shekue alikosa pa kuweka mikono. Mwantumu alijifunika uso kwa mtandio kama mwali. Hilali, bingwa wa maneno, alijipenyeza nyuma ya kompyuta kama mtoto aliyevunja mtungi. Na mama zao walikuwa mlemle ukumbini. Hakuna aliyewakemea. Walikwenda zao wakiwa wameinama, na hilo ndilo lililowachoma.

Mwalimu Mgaya akasema sheria ni sheria, walihesabiwa kabla ya kufa, ushindi ni wa Visiki, wamletee jina.

Wazee wakatumwa kwa Bi Havijawa. "Watoto wanataka kuja kukuomba radhi."

"Wangapi?"

"Wote watatu."

"Sitaki. Watatu wakija, kila mmoja atakuwa kawasindikiza wenzake. Namtaka mmoja. Aingie, akae, aseme: Bibi, aliyekuacha bila kaburi ni mimi. Akisema hivyo nimewasamehe wote."

Maneno yakamfikia Mwalimu Mgaya, naye akayatia chumvi yake. "Vizuri. Jina nitakaloandika litakuwa la huyohuyo. Aliyeujenga mji ndiye aliyeuacha bila makaburi. Siwezi kuwa na mtu mmoja wa sifa na mwingine wa lawama."

Bi Havijawa alipopata habari akasonya. "Ameniharibia radhi yangu."

Kwa kweli ameiharibu. Maana sasa atakayeingia kuomba radhi, watu watasema amefuata kiti. Na asiyeingia, watu watasema hana haya. Maneno ni yaleyale mawili waliyoyapigania ukumbini, "Ni mimi," na leo hakuna koo linaloyapitisha.

Wakafika nje ya nyumba yake, wakasimama. Wakaanza kunong'ona.

"Mimi nilikata kipande cha kwanza tu," Shekue akasema. "Nilipotoka pale, pa kuzikia palikuwapo."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kiwanja kinakatika," Mwantumu akamjibu. "Mimi nilisema kiachwe. Nani mwingine alisema?"

"Ulisema, halafu ukakila," Hilali akasema. "Sisi tulikosea kwa upumbavu. Wewe ulijua."

"Na wewe je? Ungebakiza hata upana wa mkeka, leo yeye angezikwa!"

"Makombo ndiyo niliyochukua. Mmekula sahani nzima, mnamfunga mlaji wa makombo?"

"Jina lake nani alilitaja?"

"Na nani alipiga makofi?"

Wakanyamaza, kwa sababu sauti zilikuwa zimepanda, na mlango ulikuwa wazi. Bi Havijawa yuko ukumbini kwake, amekaa juu ya mkeka, anapepeta mchele. Anawasikia. Hainui kichwa. Hodi haijapigwa.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokwama, na wao wamekwama nayo mlangoni. Aliyeanza kukikata kiwanja yupo. Aliyejua na bado akakata yupo. Aliyemaliza yupo. Bila yeyote kati yao ghorofa lisingesimama, na bila yeyote kati yao maiti angepata pa kulala. Anayeingia anatoka na kiti, na jina baya juu yake. Asiyeingia habaki na chochote, labda na aibu yake, nzima, haijaguswa.

Usiniambie waingie wote, Bibi amekwisha kulikataa hilo. Usiniambie asiingie mtu, mchele unakaribia kwisha kwenye ungo. Mkono wako uko mgongoni mwao: Shekue, Mwantumu, au Hilali. Haya, msikilizaji wangu, ungemsukuma nani apige hodi?