Vileja vya Zhor

Siku ya thelathini ya Ramadhani, saa nne na robo asubuhi, Haji Tazi alikuta vileja vyake vimeungua kwenye tanuri la mtaa huko Fes, Moroko. Bila haya, akanyakua sinia la mjane Zhor, vileja vya lozi vya wageni watakaokuja kumposa binti wa mjane huyo siku ya Idi.

“Hili langu. Nani anabisha?”

Mwokaji alijitia kuchochea moto.

“Mungu akuweke, Haji!” alisema Zhor. “Nilitia chumvi badala ya sukari. Sasa aibu ya Idi ni yako.”

“Mwongo!”

“Basi onja.”

“Nionje na saumu, mbele za watu?” Haji alilisukuma sinia. “Shika uchafu wako, mama!”

Asubuhi iliyofuata, Zhor aliwaomba wageni radhi: sukari ilikuwa imezidi kidogo.