Ujima wa Kuamia Ndege

Ndugu zangu, kabla sijawasimulia nitubu kwanza. Mama Tusajigwe wa mtaa wa juu anaishi na kisukari miaka mingi sasa. Siku ya kwanza nilipokwenda kumjulia hali nilimbebea kilo ya sukari, kama ilivyo desturi yetu. Alipokea kwa mikono miwili akashukuru. Hata anaumwa nini sikuwa nimemuuliza. Nikaomba kwa sauti kubwa, nikamwambia ajipe moyo, nikaondoka. Baadaye nikawa nikimwona sokoni napita njia nyingine, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yamekwisha na ugonjwa wake ulikuwa bado. Mungu anisamehe. Sikilizeni mfano huu, maana na mimi nimo ndani yake.

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mpunga bondeni, jina lake Ambakisye. Shamba lile alilirithi, hakulichagua, nalo lilikuwa kwenye njia ya ndege. Kwelea kwelea mnawajua. Wanatua kama wingu, wanafyonza mpunga ungali maziwa, wanaacha makapi. Ukiwafukuza asubuhi wanarudi mchana. Ukivuna ukapanda tena, nao wanakuja tena. Kwa hiyo mwenye shamba hukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya mpunga, tangu alfajiri hadi jua lizame, akirusha mawe kwa kombeo na kupiga kelele. Kazi hiyo ndiyo kuamia.

Watu wa kijiji kile hawakuwa wabaya. Walikuwa na ujima. Siku ya kulima shamba la mtu walikuja wote, na siku ya kuvuna vilevile, wakimaliza wanakula wali kwa kuku. Lakini ujima wa kuamia haukuwepo. Kuamia hakuna siku ya kumaliza, na waamiaji hawapikiwi.

Mwanzoni walikuja hata hivyo. Walipanda dunguni, wakapiga madebe, wakaimba. Walipoona ndege wanarudi walichoka. Mmoja alimshauri aache mpunga apande mihogo. Mwingine akamwambia atubu, maana ndege hawamwandami mtu bure. Wengine walipita tu barabarani wakipaza sauti, "We Ambakisye! Bado tu na ndege wako?" Wakacheka. Na yeye akacheka, kwa sababu alijua akilia hata hao hawatapita tena.

Sauti ilipoanza kumkauka alikwenda kwa kaka yake, mtu wa sala, akamwomba waende wakakae wote dunguni. Kaka yake akamjibu kwa upole kwamba yeye ndege hawezi kuwamaliza, sasa akienda atafanya nini?

Ambakisye akasema, "Kaka, ndege nitawafukuza mwenyewe. Huko juu sina wa kuongea naye, mpaka nimeanza kuongea na ndege, na siku hizi naona wana haki."

Kaka yake aliinamisha kichwa. Akamwombea hapo hapo mlangoni, akampa kombeo jipya, akarudi ndani.

Mpunga ulipokuwa umebakiza kidogo kukomaa, Ambakisye alishuka dunguni asubuhi peupe, akaweka kombeo chini, akajilaza kwenye tuta. Mawe yalikuwepo. Mkono ulikuwa mzima. Ndege wakatua, wala hakuinua kichwa. Kufika adhuhuri shamba lilikuwa majani matupu.

Habari zikaenea, na kijiji kizima kikaja. Walikuja na kuni, na masufuria, na mchele wa mashamba yao, wakachinja kuku. Wakaketi naye hadi jioni, na hakuna aliyesema ana haraka. Kaka yake alilia kuliko wote. Akawa anawaambia watu, "Laiti angetuambia! Laiti angesema neno!" Naye Ambakisye alikuwa ameketi pale pale, bega kwa bega naye, anasikia.

Mawe ni dawa, ndugu zangu, na dawa mgonjwa humeza mwenyewe. Hakuna wa kummezea. Lakini wako wenye dawa ndani ya nyumba ambao siku moja wameziweka chini, na sisi tukafika na masufuria. Tunajua kulia na mfiwa. Kukaa na mtu ambaye hatapona na wala hafi leo, hilo hatukufundishana.

Nina ombi moja. Kila mmoja wenu anamjua mtu wa namna hiyo, na anajua ni lini aliacha kwenda kwake. Leo tukitoka hapa, nendeni mkakae naye mpaka aongee yeye. Kabla hajaongea, nawasihi, msiombe.